Sona ya Daktari wa Meno

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika imeloa, nikaianika dirishani kama soksi, na nimeisoma mara mbili. Mimi mzima. Sikio la kulia limekufa kabisa na la kushoto linasikia linachotaka, kwa hiyo usihangaike kunipigia simu, nitakuwa naitikia ndiyo, ndiyo, kama mgeni asiyejua lugha. Tuendelee na karatasi kama ulipokuwa bweni. Mama yako alipita Jumapili na machungwa, akakaa dakika tano bila kuvua viatu. Magoti yanamsumbua, ingawa ukimuuliza anasema ni ngazi zangu. Kwa baba yako sina habari, na unajua kwa nini sina.

Sasa sikiliza upuuzi. Unakikumbuka chama chetu cha wavuvi wa Jumamosi: wazee saba, maboti matatu, banda moja pale ziwani, na mizani yangu imetundikwa ndani ili mtu asije akatia chumvi kuhusu uzito wa samaki wake. Tunavua kujifurahisha, hatuuzi hata mkia. Basi Daktari wa Meno amestaafu, amejiunga, na amekuja na sona. Si ile ya kawaida inayotazama chini tu. Hii inatupa sauti kushoto na kulia mwa boti, inasubiri mwangwi urudi, halafu inachora sakafu yote ya ziwa kwenye kioo, eti mpaka kisiki unakiona. Mtu huyu alichungulia midomo ya watu miaka arobaini na bado alimng'oa jirani yangu jino zima akamwachia bovu. Leo anataka kuchungulia ziwa!

Anataka kila boti iwe nayo. Wenzangu, kwa kuwa hawana msimamo, wamesema tuijaribu kwanza, kisha mwenyekiti aandike ripoti kama inafaa au haifai. Mwenyekiti ni mimi. Mkaguzi wa mizani sokoni miaka thelathini, neno langu halijawahi kupingwa, na hawa wazee wanalijua hilo.

Wewe kila siku unatazama matumbo ya wajawazito kwa sauti hiyohiyo. Niandikie sababu za kitaalamu za kuizika mashine hii. Za kwangu ninazo, ila ni matusi matupu.

Mjomba wako


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Pole na sikio. Huku tuko salama. Chumba chetu cha ultrasaundi kimehamishiwa chini karibu na jiko la hospitali, kwa hiyo wagonjwa wangu wanalala kitandani wakinusa vitunguu na kuuliza kama picha itachukua muda. Mimi nimepandishwa cheo, maana yake nafanya kazi ileile na kusaini karatasi zaidi.

Umesema huna habari za baba. Mimi ninazo, ngoja nikupe. Yuko kwenye karakana yake, anaranda mbao, anatengeneza viti na milango. Hajagusa mshipi tangu injini ya chama ipotee bandani miaka minane iliyopita na ninyi kumfukuza, kwa sababu funguo za banda zilikuwa mbili, wako na wake. Yeye aliyekuwa anawashinda wote kwa kuvua. Hakushtakiwa, kweli. Lakini mpaka leo akipelekewa mbao kuna watu wanasimama mlangoni mpaka amalize kazi, wakijifanya wanapiga soga. Na nyumbani kwetu watu wawili wanaongea kupitia kwangu. Nikipiga simu, mama ananiambia nimwambie baba chakula kiko mezani, na baba yuko chumba cha pili. Ndiyo maana kila likizo napata udhuru. Nimechoka kuwa waya.

Haya, sona. Unaniomba hukumu kabla ya kesi, na wewe ulikuwa mkaguzi. Mashine hiyo si upuuzi kama unavyotaka iwe. Inaonyesha vizuri vitu vilivyolala chini: mawe, miti iliyozama, kingo ambapo kina kinashuka ghafla, na samaki hupenda kukaa karibu na vitu hivyo. Samaki wenyewe ni vidoadoa tu, na asiyezoea ataona samaki kila mahali. Boti lazima iende polepole na kwa mstari ulionyooka, ukikata kona picha inapindika yote. Kitu cha kusoma ni kivuli. Sauti ikigonga kitu, nyuma yake panabaki peusi, na pale peusi ndipo umbo linapojitokeza. Kazini kwangu jiwe la nyongo nalijua kwa kivuli chake kabla sijaliona lenyewe.

Kwa wazee saba wa Jumamosi, sidhani kama kuna haja ya moja kwa kila boti. Lakini hiyo ni dhana yangu. Itembezeni ziwa zima, kwa mistari iliyonyooka, kisha uandike ulichokiona na si ulichokitaka.

Mpwa wako


Tarehe 25 Machi

Mpwa wangu,

Hongera ya cheo, na pole ya vitunguu. Hapa mvua zimeanza, paa linavuja mahali palepale, na fundi anayeliziba ni yuleyule, kwa hiyo hakuna jipya. Mama yako hajapita wiki mbili.

Habari za nyumbani kwenu nimezisoma. Watu wazima wakiamua kununiana, mjomba afanye nini? Tuyaache.

Tumeijaribu. Jumamosi tatu! Ungewaona. Wazee wanne wameinamia kioo kidogo kama wanatafuta jina lao kwenye matokeo ya mtihani, na ziwa lote liko pale nje hakuna anayelitazama. Daktari amevaa kofia ya nahodha. Hajui kuogelea, hajui kufunga ndoano, lakini kofia anayo. Mara anapiga kelele, "Kambare! Kambare huyo, mkubwa!" Tunazima injini, tunatupa mishipi, tunangoja saa nzima tukichomwa jua. Kambare alikuwa tairi. Tulilivuta, yeye mwenyewe akishuhudia, na hata hapo akasema, "Mmeona lakini jinsi lilivyoonekana vizuri?"

Mwenzetu Mwalimu mstaafu, aliyekataa kupanda, alikaa gatini na kopo lake la minyoo akatoa samaki wanne. Nimewapima mimi mwenyewe. Sisi wa kisasa tulirudi na tairi.

Nakiri, kwa sababu mimi si mwongo, kwamba mti uliozama upande wa kaskazini ulionekana mpaka matawi, na pembeni mwake tulipata wawili wazuri. Lakini mti ule nilikuwa naujua tangu zamani. Nani anahitaji kuelezwa na kioo jambo analolijua?

Tumemaliza kaskazini na upande wa gati. Ghuba la Mawe nimewakataza. Kule hakuna kitu, ni magugu tu, yatazonga propela tuanze kupiga makasia kama wafungwa. Ripoti naiandika mwezi huu na itakuwa fupi.

Mjomba wako


Tarehe 14 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumai paa limepata fundi mwingine. Mama hajapita kwako kwa sababu goti limevimba. Amepewa dawa na ameambiwa apumzike, kwa hiyo anafua.

Kuna jambo nauliza. Ghuba la Mawe ndipo uliponifundisha kuvua nikiwa na miaka kumi na miwili. Maji yake ya pembeni unaona mpaka vidole vya miguu. Magugu hayapo, hata unyasi mmoja. Na kwenye sakafu ya mawe ndipo mashine ile ingefanya kazi yake vizuri kuliko pote ulipoipeleka.

Barua zako ninazo zote. Jumapili nilizitoa sandukuni nikazipanga kwa tarehe. Kila moja ina Ghuba la Mawe ndani yake: ulipata nini kule, ulikosa nini, nani alikutangulia. Mpaka mwaka ule wa injini. Baada ya hapo hulitaji tena, hata mara moja.

Sisemi kitu. Kazini kwetu mpiga picha haruhusiwi kumwambia mgonjwa alichoona, anaandika na kumwachia daktari. Nauliza tu kwa nini umewakataza.

Mpwa wako


Tarehe 2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Sijapata jibu. Mama anasema amekuona dukani, umenyoa na una nguvu zako. Kama barua ilipotea, swali lilikuwa moja tu, na unalijua.

Mpwa wako


Tarehe 30 Julai

Mpwa wangu,

Nilikuwa na mafua. Pia kalamu zilikwisha. Pia jirani alifiwa na tukawa na shughuli nyingi. Mama yako hajambo, goti limeshuka, ametoka nje juzi akanipungia mkono akiwa ng'ambo ya barabara.

Daktari wa Meno amenivunjia heshima. Amekwenda Ghuba la Mawe siku ya Jumanne, ambayo si siku ya chama, bila ruhusa ya mwenyekiti, yeye na Mwalimu, na chupa ya chai kama watu wanaokwenda harusini. Mwalimu huyohuyo aliyeikataa mashine! Mtu akionyeshwa kioo kinachowaka tu, akili inamruka. Wamezunguka kule asubuhi nzima, na kwenye kona ya mwisho, kati ya mawe mawili, wameona kitu. Daktari amekichapisha kwenye karatasi akakibandika ukutani bandani, chini ya mizani yangu.

Sasa kila Jumamosi hakuna anayevua. Wanasimama mbele ya karatasi mikono nyuma kama wakaguzi. Mwalimu anasema ni sanduku. Mwingine anasema ni mnyama aliyekufa, sijui mnyama gani ana pembe za namna ile. Daktari ananitazama mimi tu, na mtu anayetazamwa na daktari wa meno unajua mwenyewe anavyojisikia. Mimi nimewaambia ni jiwe. Safari hii neno langu halikutosha. Wamesema tumpelekee mtu anayesoma picha kama hizo, na wanajua ninaye.

Picha nimeiweka humu. Itazame, uandike kwamba ni jiwe, na ugonge mhuri wa hospitali. Watu wa hapa wanaheshimu mhuri.

Mjomba wako


Tarehe 16 Agosti

Mjomba,

Shikamoo nimeikosa kalamuni, utanisamehe. Habari za huku ni kwamba nimekaa na picha yako siku nne.

Si jiwe. Jiwe lina kivuli cha mviringo kinachofifia pembeni. Hiki ni kirefu, juu kuna kichwa kipana, kisha mguu mwembamba unaoshuka, na mwisho wa mguu kuna mapanga matatu ya propela. Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza aliitazama akiwa anakula andazi akasema, "Dada, hii si injini ya boti?" Mbele ya kichwa kuna vishikizo viwili, na katikati yake kimeng'ang'ania kipande cha ubao. Kwa hiyo haikufunguliwa na mwizi. Iling'oka na ubao wake, ikazama.

Mhuri sitagonga.

Miaka thelathini uliwanyang'anya akina mama wa nyanya mizani yao kwa gramu hamsini. Uliwasimamisha mbele ya wateja wao na kuwaita wezi kwa sauti, nilikuwepo, nilikuwa nimekushika mkono, na nilijivuna. Ndiyo maana uliposema, watu waliamini. Nani angembishia mkaguzi? Baba alikuwa seremala tu, mwenye ufunguo wa pili. Na mimi niliamini, Mjomba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilimtazama baba yangu mikono badala ya uso. Hilo sijui nikulaumu wewe au nijilaumu mwenyewe, lakini leo nakulaumu wewe.

Naweza kumpigia mama sasa hivi. Sitampigia. Usidhani ni huruma. Habari hii ikitoka kwangu, wewe utakaa nyumbani na mafua yako mpaka watu wachoke kusema. Nataka itoke mdomo uleule. Nenda kwa miguu yako mpaka karakana, mchana, watu wakiwepo.

Kuhusu ripoti yako, andika kwamba kwa samaki mashine hiyo si lazima.

Mpwa wako


Tarehe 9 Oktoba

Mpwa wangu,

Mimi nipo. Paa halivuji tena kwa sababu mvua zimekwisha. Nimeanza barua hii mara tano, na nne zilizotangulia zilikuwa za uongo kwa namna mbalimbali.

Ilikuwa hivi. Baba yako alinitengenezea ubao mpya wa nyuma ya boti, ule wa kufungia injini, mbao ngumu, mzito kama mlango wa jela. Alisema wa zamani umeoza. Nilimcheka. Seremala wa viti anifundishe mambo ya boti? Ubao wake nikaulaza bandani nyuma ya makasia, na mahali pake nikafunga kipande cha mlango wa kabati langu, nikakipaka rangi, nikawaambia watu ndio wa shemeji. Miezi miwili kilishika. Injini ile pia ilikuwa na mnyororo wa kuizuia isizame ikifunguka. Mnyororo huo niliutoa mimi, kwa sababu nilikuwa nahitaji cha kutundikia mizani. Mwanangu, ndio huohuo ulioishika miaka yote hii.

Nilikwenda ghubani peke yangu siku ya kazi. Nilirudisha boti nyuma kwa kasi, kabati likapasuka, injini ikaenda. Sauti yake ilikuwa ndogo tu. Nilipiga makasia mpaka gatini, na njia nzima sikuwaza injini. Niliwaza uso wa baba yako akiniambia, si nilikuambia. Nikafunga ubao wake, nikaosha mikono, kesho yake nikawaita wenzangu nikawaonyesha mahali pa injini bandani patupu. Sikusema ameiba. Nilisema funguo ni mbili. Walibaki wenyewe kumalizia, na mimi niliwaacha wamalizie.

Nilianza na chama, kwa sababu ni rahisi kudharauliwa na watu unaowadharau. Nilisoma ripoti Jumamosi iliyopita. Kwamba sona hii ya kutazama pembeni, kwa wazee wanaovua kujifurahisha, moja inatosha maboti yote, itumike kuwatambulisha wageni mahali pa miti na mawe, kisha izimwe watu wavue. Kwamba samaki wetu wengi wametoka kwa Mwalimu na minyoo. Na kwamba kitu cha Ghuba la Mawe ni injini, na aliyeizamisha ni mwenyekiti. Hakuna aliyenitukana, heri wangenitukana. Daktari wa Meno alivua kofia yake. Wamemchagua yeye kuwa mwenyekiti, na ameanza na kuitoa mizani.

Jana nilikwenda karakana. Mchana, kama ulivyoamuru. Kulikuwa na wateja wawili, mmoja wao ni wa wale wa kusimama mlangoni. Baba yako alikuwa kwenye mashine ya kuranda. Nilimwambia shemeji nina neno. Akasema, "Sema." Nikasema mashine inapiga kelele. Akasema, "Basi paza sauti." Angeweza kuizima, swichi ilikuwa karibu na kiwiko chake. Nikapaza sauti. Mwanangu, nililiambia lile jambo mtaa mzima, kwa sauti niliyokuwa nikiwaitia akina mama wa nyanya, na yeye akaendelea kuranda mpaka ubao ukafika mwisho. Ndipo akazima.

Akasema, "Nilijua siku ya pili." Aliuona ubao wake kwenye boti siku tuliyomwita kumhoji. Ulikuwa msafi. Injini haiwezi kukaa miezi miwili juu ya ubao bila skrubu zake kuuachia alama. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu anayetazama mbao zilizoliwa na mchwa, akasema alitaka kuona ningeweza kuishi na siri ile muda gani, na kwamba nimemshangaza, hakujua mtu anaweza kuishi nayo na bado anenepe.

Mama yako alikuwa ametoka ndani kwa kelele zangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, na taulo mkononi, amesikia yote. Nilidhani atanigeukia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakunitazama kabisa. Alimwambia baba yako, "Na mimi je? Kwa nini mimi hukuniambia?"

Baba yako akakung'uta vumbi la mbao mikononi, taratibu. Akasema, "Siku ile nilirudi nyumbani kukueleza. Nilikukuta mlangoni. Kabla sijakaa, uliniuliza injini nimemuuzia nani."

Wateja waliondoka wenyewe. Mama yako aliketi kwenye kiti ambacho hakijapigwa msasa, akaweka taulo usoni. Baba yako hakumsogelea na hakuondoka. Alisimama tu pale, hatua tatu kutoka kwake, kama mtu asiyejua tena zinavyovukwa. Mimi nikatoka, na hakuna aliyeona kwamba nimetoka.

Nilikuwa nimefikiri nilichomnyang'anya mtu yule ni jina lake tu.

Chukua likizo, njoo. Kwangu usipite.

Mjomba wako